Volti 12, volti 18 au waya: kuchagua zana za umeme kwa kazi za gari na nyumba

Mtu anayejipanga kutengeneza kitanda na kabati ndani ya gari la mizigo, au kufunga rafu, milango na mapazia nyumbani kwake, huanza kwa kutafuta drili. Anakuta drili nyingi zinazofanana, kila moja imejaa namba: 12V, 18V, 20V Max, 2.0Ah, 5.0Ah, 60Nm. Anasoma, anauliza, anaahirisha. Mbao zimeshanunuliwa na zimeegemea ukutani, lakini kazi haijaanza.

Ushauri wangu ni kuiacha drili kwanza na kujiuliza mambo mawili. La kwanza: ni mkato gani au tundu gani gumu kuliko yote katika orodha ya kazi zako? La pili: chaja utaichomeka wapi? Ukishajibu hayo mawili kwa ukweli, nusu ya mashine zilizo mbele yako zitajiondoa zenyewe, na zinazobaki zitakuwa rahisi kulinganishwa.

Hapa nalinganisha njia nne (familia ni zana zinazotumia betri ya aina moja): familia ya volti 12, familia ya volti 18 ya matumizi ya nyumbani, familia ya volti 18 ya mafundi wa kazi, na njia ya kuchanganya betri na waya. Kila moja ina watu inaowafaa.

## Vigezo

Nguvu. Kufunga skrubu fupi na kutoboa mbao laini ni kazi nyepesi. Mashine yoyote iliyotengenezwa kwa uangalifu itaifanya. Zinazotenganisha mashine ni kazi nne: kupasua plaiwudi ya milimita 18 kwa urefu wa bango zima bila msumeno kukwama, kutoboa zege, kukata chuma kinene, na kuzungusha msumeno mkubwa wa kikombe, ule wa drili unaokata matundu ya duara, kwenye chuma. Andika ni ipi kati ya hizo utaifanya kweli, na mara ngapi.

Betri. Akiba ya betri hupimwa kwa saa-wati, nayo hupatikana kwa kuzidisha volti kwa saa-ampea, ile namba ya Ah. Betri ya volti 18 yenye Ah 2 ina saa-wati 36. Yenye Ah 5 ina saa-wati 90. Betri inayoitwa ya volti 12 kwa kawaida ni ya volti 10.8, kwa hiyo Ah 2 zake ni saa-wati 21.6 tu. Na 20V Max isikubabaishe. Ndani ya betri hiyo mna seli tano zilizounganishwa mfululizo, kila moja ikiwa ya volti 3.6 kwa kipimo cha kawaida na ikipanda kupita 4 inapotoka kwenye chaja. Zidisha 3.6 kwa tano upate 18, zidisha 4 kwa tano upate 20. Ni betri ya daraja lilelile. Kwa hesabu hiyohiyo, 40V Max ni betri ya volti 36 yenye seli kumi mfululizo.

Kuna jambo la betri ambalo wengi hawaambiwi dukani. Betri kubwa huongeza muda wa kazi, na huongeza nguvu pia. Betri ya Ah 4 au 5 kwa kawaida ina safu mbili za seli zinazogawana mzigo, kwa hiyo inatoa mkondo mkubwa zaidi bila kupata joto kali. Msumeno uliokuwa ukizimika katikati ya ubao kwa betri ya Ah 2 unaweza kupita ubao uleule vizuri kabisa kwa betri ya Ah 5. Kabla hujauhukumu msumeno kuwa dhaifu, ubadilishie betri.

Uzito na nafasi. Nyumbani uzito unausikia ukiwa juu ya ngazi. Ndani ya gari unausikia muda wote, kwa sababu unafanya kazi umepinda, mkono mmoja umeshika ubao na mwingine umenyooshwa juu ya kichwa. Tena huko nafasi ni adimu: urefu wa drili kutoka mgongoni hadi mdomoni ndio unaoamua kama itaingia kati ya mbavu mbili za gari au la.

Familia ya zana. Betri ya kampuni moja kwa kawaida haiingii kwenye zana ya kampuni nyingine. Hata ndani ya kampuni moja mambo yanaweza kutofautiana: Bosch ya kijani (ya nyumbani) na Bosch ya bluu (ya mafundi), zote za volti 18, hazibadilishani betri. Zipo kampuni zilizokubaliana kutumia betri moja, kama zile za muungano wa CAS unaohusisha Metabo na wenzake. Nje ya makubaliano ya namna hiyo, ukinunua betri mbili na chaja umeshachagua zana zako za miaka mingi ijayo. Kwa hiyo, kabla ya kununua drili, angalia kama familia hiyo ina jigso (msumeno wa bledi nyembamba inayopanda na kushuka), mashine ya msasa, msumeno wa duara na kitu kingine chochote unachokitamani.

Mahali pa kuchajia. Mwenye soketi ya ukutani hana la kuwaza hapa. Mwenye kutegemea umeme wa gari ana hesabu za kufanya, nitazieleza mbele.

Mota. Mota za zamani zina kaboni ndani, vile vipande vinavyosuguana na sehemu inayozunguka. Kaboni huisha na hubadilishwa. Mota zisizo na kaboni huendeshwa kwa saketi ya elektroniki, hazipotezi umeme mwingi kwa msuguano na joto, na kwa betri ileile hufanya kazi ndefu zaidi. Kwa drili ya kufunga rafu mara mojamoja, mota ya kaboni inatosha. Kwa msumeno na grainda, ambazo hunywa betri kwa kasi, ningelipia mota isiyo na kaboni bila kusita.

## Familia ya volti 12

Nguvu. Drili ya daraja hili kwa kawaida hutoa takriban nyutonimita (Nm) 30 za nguvu ya kuzungusha. Hiyo inatosha kufunga skrubu za kabati siku nzima, kutoboa bati la gari, na kufungua tundu la milimita 9 ambalo nati ya riveti ya M6, ile inayobanwa kwenye bati ili ipokee bolti, inalihitaji. Jigso zake hukata plaiwudi bila shida ukienda taratibu. Misumeno ya duara ipo, ila ni midogo: mingi hutumia bledi ya milimita 85 na huzama milimita 25 hivi. Itapita kwenye plaiwudi ya milimita 18, lakini ukiwa na mabango matano ya kupasua utaona siku inavyokuwa ndefu. Zege liache kabisa, isipokuwa matundu machache membamba na uvumilivu.

Uzito na nafasi. Hapa ndipo volti 12 zinaposhinda kila mtu. Drili pamoja na betri yake ina uzito wa karibu kilo 1, na kichwa chake ni kifupi. Zipo hata zenye vichwa vinavyobadilishwa, pamoja na kile cha pembeni kinachofunga skrubu iliyo karibu na ukuta wa kabati. Mtu anayefanya kazi ndani ya gari anaielewa thamani ya kitu hicho siku anapofunga bawaba ya mlango ulio kati ya sinki na kitanda.

Betri na chaji. Betri ndogo hujaa upesi na chaja yake haili umeme mwingi, kwa hiyo inveta ndogo ya gari, kifaa kinachogeuza umeme wa betri ya gari uwe kama wa ukutani, inaimudu. Upande wa pili ni kwamba betri inaisha upesi pia. Chukua mbili au tatu.

Familia ya zana. Milwaukee M12 ndiyo familia pana zaidi hapa, ikiwa na zana nyingi za mafundi bomba, umeme na magari. Bosch ya bluu na Makita CXT zinakupa za msingi: drili, impakti (mashine ya kufunga skrubu kwa mapigo), jigso, msumeno mdogo.

Inamfaa nani. Anayeunga zaidi kuliko kukata. Anayeweza kupeleka mabango yake kwenye karakana yakapasuliwa kwa vipimo, kisha yeye akabaki na kutoboa, kufunga na kusawazisha. Anayebeba sanduku la zana safarini na kuhesabu kila kilo.

## Familia ya volti 18 ya nyumbani

Nazungumzia Ryobi ONE+, Einhell Power X-Change, Bosch ya kijani, Black+Decker, na nyingine za daraja hilo.

Nguvu. Drili hutoa nyutonimita 40 hadi 60 kwa kawaida. Yenye hali ya nyundo itatoboa tofali bila taabu, na zege kwa shida. Msumeno wa duara wenye bledi ya karibu milimita 165 unapasua plaiwudi ya milimita 18 na mbao za fremu, ilimradi bledi ni kali na betri ni ya Ah 4 au zaidi. Tofauti na zana za mafundi huionekani kwenye mkato wa kwanza. Unaiona kwenye mkato wa ishirini, mashine inapopata joto na kujizima ili ijilinde.

Uzito na nafasi. Drili na betri ndogo ni kilo 1.3 hadi 1.6. Zana za daraja hili mara nyingi ni nene kidogo kuliko za mafundi zenye nguvu sawa, kwa sababu mota ndogo yenye nguvu nyingi ni ya gharama. Nyumbani hilo halisumbui. Ndani ya kabati la gari, utalisikia kwenye viwiko.

Betri na chaji. Chaja inayokuja kwenye sanduku huwa ya polepole. Betri ya Ah 4 inaweza kuchukua saa kadhaa, kwa hiyo betri ya pili ni ya lazima kwa yeyote anayefanya kazi mchana kutwa. Uzuri wake ni kwamba chaja ya polepole haiitikisi inveta.

Familia ya zana. Hii ndiyo nguvu kubwa ya kundi hili. Ukiwa na betri moja unaendesha drili, jigso, msasa, pampu ya upepo ya matairi, feni, taa, kifyonza vumbi, hata mashine ya kukatia nyasi. Ryobi wamehifadhi umbo la betri ya ONE+ tangu mwaka 1996, na hilo ni jambo la kuheshimiwa: mtu aliyenunua drili wakati huo anaweza kuichomekea betri ya leo. Kwa anayeishi ndani ya gari, feni na taa zinazotumia betri ya drili zina maana kuliko nyutonimita kumi za ziada.

Inamfaa nani. Mwenye nyumba na bustani, mwenye gari moja la kutengeneza na kisha matengenezo madogo ya maisha yote. Anayehitaji zana nyingi tofauti, kila moja kwa muda mfupi.

## Familia ya volti 18 ya mafundi

Makita LXT, DeWalt XR, Milwaukee M18, Bosch ya bluu, Metabo.

Nguvu. Drili nzito za daraja hili hupita nyutonimita 100. Nguvu hiyo ni ya kweli, na inahitaji heshima: msumeno wa kikombe ukinasa kwenye chuma, drili inazunguka yenyewe na mkono wako nayo. Ndiyo maana zinakuja na mpini wa pembeni, na mpini huo ni wa kutumiwa. Misumeno ya duara inapasua plaiwudi bango baada ya bango. Na hapa ndipo unapopata mashine halisi ya zege, ile ya SDS-plus inayogonga kwa pistoni badala ya sahani mbili zenye meno zinazosuguana. Kama ukuta wako ni wa zege na una rafu nyingi za kutundika, mashine hiyo moja ina thamani kuliko drili ya nyundo ya aina yoyote.

Uzito na nafasi. Kuna pande mbili. Zana nzito ni nzito kweli, zaidi ya kilo 2 ukiweka betri kubwa. Lakini kampuni hizi pia hutengeneza matoleo mafupi yasiyo na kaboni, na baadhi ni mafupi karibu sawa na ya volti 12. Fundi anayejenga magari ya kulala kwa kazi angechukua drili fupi ya volti 18 na betri ya Ah 2 kwa ajili ya kufunga, kisha akahamishia betri ya Ah 5 kwenye msumeno.

Betri na chaji. Chaja za kasi huijaza betri ya Ah 5 kwa chini ya saa moja. Kasi hiyo inakula umeme: kurudisha saa-wati 90 ndani ya dakika 45, ukijumlisha unaopotea njiani, ni zaidi ya wati 120 mfululizo, na chaja kubwa zaidi hupita wati 200. Soketi ya kiberiti ya gari kwa kawaida ina fyuzi ya ampea 10 hadi 15. Ampea 10 kwa volti 12 ni wati 120. Unaona mpaka ulipo. Chaja ya kasi kwenye inveta ndogo iliyochomekwa hapo itakata fyuzi, na si kosa la chaja.

Familia ya zana. Pana, na ina zana ambazo familia ya nyumbani mara nyingi haina: bunduki ya nati za riveti, mkasi wa bati, mashine za kukata mabomba. Makita wana hata mashine zinazopokea betri mbili za volti 18 kwa pamoja ili kupata 36.

Inamfaa nani. Anayejenga zaidi ya gari moja, anayekarabati nyumba nzima, au anayetarajia siku moja kuwafanyia wengine kazi kwa malipo. Pia anayeishi mahali ambapo vipuri na mafundi wa chapa fulani ya kazi wanapatikana kirahisi, kwa sababu zana hizi zimejengwa zifunguliwe na kutengenezwa.

## Betri kidogo, waya kidogo

Njia hii hupuuzwa mno. Unanunua drili na impakti za betri, kwa kuwa hizo ndizo unazopanda nazo ngazi na kuingia nazo garini. Zana za kukata na kusugua, yaani msumeno wa duara, grainda na msasa, unazichukua za waya.

Nguvu. Grainda ya waya ya wati 700 ikifanya kazi kwa mzigo wake wote ingemaliza betri ya saa-wati 90 ndani ya dakika 8 hivi. Ya waya haiulizi. Msasa ndio kazi ndefu kuliko zote katika ujenzi wa kabati, na hapo waya unaleta amani.

Uzito na nafasi. Hakuna betri ya kubeba, lakini kuna waya wa kuuchunga usipite chini ya bledi. Kama unatumia ekstensheni ya kuviringisha, ikunjue yote kabla ya kuipa mzigo mkubwa. Waya uliobaki umeviringishwa hupata joto, na joto hilo huyeyusha plastiki.

Betri na chaji. Betri mbili ndogo zinatosha. Lakini usitegemee inveta ya gari kuendesha msumeno wa waya. Msumeno wa wati 1400 kutoka betri ya volti 12 unavuta ampea 120 na zaidi, kabla hujahesabu mshtuko wa kuwaka. Zana za waya ni za mtu aliyeegesha karibu na soketi.

Familia ya zana. Huna kifungo chochote. Waya wa kampuni yoyote unaingia kwenye ukuta wowote. Na zana ya waya iliyokaa kabatini miaka mitano huwaka siku hiyohiyo, ilhali betri iliyoachwa tupu kwa muda huo huenda imekufa.

Inamfaa nani. Mwenye gereji, ua au baraza lenye umeme, ambaye kazi kubwa ataimaliza mara moja. Na asiyetaka kuweka fedha nyingi kwenye betri zinazozeeka hata zisipotumika.

Kuhusu volti 36 na kupanda, nitasema kwa ufupi. Ni za misumeno mikubwa ya mbao nene, misumeno ya mnyororo ya kukatia miti na grainda kubwa. DeWalt walileta FlexVolt mwaka 2016, betri inayobadilika kati ya volti 18 na 54 kulingana na zana iliyochomekwa, ili fundi mwenye zana za volti 18 asianze upya. Kwa gari moja na nyumba moja sijaona kazi inayozidai.

## Tundu la paa, kwa karibu

Kazi inayowatia watu hofu zaidi garini ni kukata paa kwa ajili ya feni ya hewa. Wengi hununua mashine kubwa kwa sababu ya hofu hiyo. Itazame kazi yenyewe.

Tundu la kawaida la feni ni mraba wa sentimita 40 kwa 40, au mdogo kidogo wa inchi 14. Mkato mzima wa sentimita 40 ni mita 1.6, kwenye bati lisilofikia hata milimita moja na nusu. Unachora mraba katikati ya mbavu, kamwe usiikate mbavu. Unafunika rangi pande zote kwa utepe wa karatasi, kwa maana kitako cha jigso hukwaruza. Chini, ndani ya gari, unatandika shuka au karatasi ya plastiki ya kupokea chembe za chuma. Unatoboa pembe nne kwa drili, mwendo wa polepole, tone la mafuta kwenye biti. Kisha jigso, bledi ya chuma yenye meno madogo madogo, meno 21 hadi 24 kwa inchi, ili bati lisinaswe kati ya jino na jino. Upande wa nne ukikaribia kwisha, mtu awe ndani ameshika kipande au ukibandike kwa utepe. Kikining'inia kitapinda na kuvuta bledi.

Baada ya hapo unapiga tupa kingo zote, unapangusa chembe kwa sumaku na brashi, unapaka rangi ya kuzuia kutu kwenye chuma kilicho wazi, na unasubiri ikauke kabla ya kuweka gundi ya kuzuia maji. Chembe moja ya chuma iliyobaki juu ya paa ikinyeshewa itaacha doa la kutu.

Jigso ya volti 12 inaifanya kazi hiyo yote. Iliyohitajika pale ni bledi sahihi na subira. Grainda, ambayo watu huikimbilia kwa nguvu zake, ndiyo mbaya zaidi: cheche zake zinachoma rangi na kuingia kwenye vioo, na joto lake linaunguza kinga ya chuma pembeni mwa mkato, halafu kutu inaanzia hapo.

Kazi nzito hasa katika gari huwa ni mabango ya plaiwudi ya sakafu, kuta na kitanda. Msumeno wako ndio wa kuupimia nguvu. Na kabla ya kutoboa sakafu kwa ajili ya bolti yoyote, lala chini ya gari uone lilipo tangi la mafuta, mabomba ya breki na nyaya.

## Hesabu ya kuchajia njiani

Betri ya gari ya asidi, volti 12 na Ah 100, ina saa-wati 1200 kwa karatasi, na ni busara kutumia nusu tu isiharibike. Hizo ni 600. Kuijaza betri ya zana ya saa-wati 90 kupitia inveta kunachukua 110 hivi. Ni kuchaji mara tano, bila friji, bila taa. Zipo chaja zinazokula umeme wa volti 12 moja kwa moja bila inveta, katika familia kadhaa za zana; kwa anayeishi safarini, uliza kuhusu chaja hiyo kabla hujauliza kuhusu nyutonimita. Inveta ikiwa lazima, iwe ya wimbi safi, yaani inayotoa umeme laini kama wa ukutani. Chaja nyingine hupata joto au hukataa kabisa kufanya kazi kwenye wimbi la kuigiza.

Usichaji betri ya lithiamu ikiwa imeganda kwa baridi, chini ya nyuzi 0. Usiiache juu ya dashibodi kwenye jua kali. Ukiihifadhi kwa miezi, iache ikiwa nusu. Na uwe mwangalifu na vile vibadilishi vinavyoruhusu betri ya kampuni moja kuingia kwenye zana ya nyingine: kampuni zingine zimeweka kinga ya betri ndani ya zana, kwa hiyo ukibadilisha zana umeiondoa kinga bila kujua, na betri inaweza kunyonywa hadi kufa. Kwa wanaosafiri kwa ndege, betri za akiba huingia kwenye mkoba wa mkononi tu, na mpaka wa kawaida bila kibali ni saa-wati 100. Ile ya volti 18 na Ah 5 inapita. Ya Ah 6 haipiti bila kuomba.

## Kwa hali yako

Una gari moja, unaishi mjini bila gereji, na kuna karakana inayoweza kukupasulia plaiwudi: volti 12, drili na impakti, kisha jigso. Vaa kinga ya masikio ukitumia impakti ndani ya gari. Kelele yake huzidi desibeli 90, na kuta za bati zinairudisha.

Una nyumba, bustani, watoto wanaovunja vitu, na gari la kutengeneza polepole: volti 18 ya nyumbani. Anza na drili, betri moja ya Ah 2 na moja ya Ah 4, halafu uongeze zana tupu zisizo na betri kadiri kazi zinavyokuja. Usinunue seti ya zana sita kwa pupa. Mara nyingi mbili kati yake ni tochi na kitu usichokihitaji.

Kuta zako ni za zege: volti 18 ya mafundi yenye mashine ya SDS-plus, au, kama soketi iko karibu, SDS-plus ya waya pamoja na drili ndogo ya betri. Zote mbili ni jibu zuri. Umbali wa soketi ndio utakaoamua.

Unajenga gari ukiwa tayari unaishi ndani yake, umeme wako wote unatoka juani: volti 12, au volti 18 yenye chaja ya moja kwa moja ya gari. Mikato mirefu ifanye mchana, jua likiwa juu, na uchaji wakati paneli zinatoa.

Una ua wenye umeme na wiki mbili za likizo za kumaliza kila kitu: msumeno na msasa wa waya, drili ya betri ya familia yoyote uliyoishika mkononi ukaipenda.

Tayari una betri mbili nzima za familia fulani, hata kama si ile uliyoitamani: baki nayo, isipokuwa kama haina msumeno au mashine ya zege unayoihitaji. Na kama jirani au ndugu unayeazimana naye zana anatumia chapa fulani, chukua hiyohiyo. Mtakuwa na betri nne badala ya mbili.